Sekunde 43 za Utaridi

Barua ilitoka Paris tarehe 18 Septemba 1846, ikafika Berlin siku tano baadaye mikononi mwa Johann Galle, msaidizi katika kituo cha kutazamia nyota cha mji huo. Aliyeiandika, Urbain Le Verrier, hakuwa mtu wa kukesha kwenye darubini. Kazi yake ilikuwa hesabu, na ombi lake lilikuwa moja tu: elekeza darubini mahali fulani karibu na mpaka wa Dalu na Jadi, nawe utakuta sayari ambayo bado haijatambuliwa na mtu yeyote.

Galle hakungoja. Mkuu wa kituo, Johann Encke, alikuwa nyumbani akisherehekea siku yake ya kuzaliwa, akatoa ruhusa. Mwanafunzi mmoja, Heinrich d'Arrest, akaomba naye awepo. Mwanzoni hawakuona kitu. Nyota zilikuwa nyingi na zote zilifanana. Ndipo d'Arrest akatoa wazo la kulinganisha anga na ramani. Walipopekua droo wakakuta ramani ya sehemu ileile ya anga, mpya kabisa, imeshachapishwa lakini haijasambazwa. Galle akakaa kwenye darubini, akawa anataja nyota moja baada ya nyingine, mahali ilipo na mng'ao wake. D'Arrest akakaa mezani akizifuata kwenye karatasi. Hii imo. Hii imo. Hii nayo imo. Haikutimia saa moja, Galle akataja nyota moja hafifu, na d'Arrest akajibu kwamba hiyo haimo.

Usiku uliofuata waliitafuta tena, nayo ilikuwa imesogea. Ilikuwa sayari kweli, na kutoka pale alipoonyesha Le Verrier haikufika hata digrii moja, yaani upana wa miezi mipevu miwili ukiipanga bega kwa bega.

Wengi wetu tulifundishwa mfumo wa jua kama orodha ya kukariri: Utaridi, ambayo baadhi ya vitabu vya shule huiita Zebaki, kisha Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Orodha ni sahihi, ila haisemi watu walijuaje. Wala haisemi kwamba Le Verrier huyuhuyu, aliyeipata Neptuni kwa kalamu, miaka 13 baadaye alikutana na swali lililofanana na lile kama pacha, akalijibu kwa mbinu ileile, na akakosea. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha habari yote.

Turudi nyuma kidogo. Sayari tano zina majina ya kale kwa sababu zinaonekana kwa macho, na majina hayo yalitufikia pwani kwa njia ya Kiarabu. Uranusi haina jina la namna hiyo. Iligunduliwa tarehe 13 Machi 1781 na William Herschel, mwanamuziki wa mji wa Bath, Uingereza, aliyekuwa akijitengenezea darubini mwenyewe. Yeye alidhani ni nyota yenye mkia. Hesabu za wenzake ndizo zilizoonyesha kwamba njia yake ni karibu duara, mbali sana kupita Zohali, na kwamba inachukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja. Wataalamu wakarudi kwenye madaftari ya zamani na kugundua kwamba ilikuwa imeonekana mara kadhaa bila kutambuliwa. John Flamsteed aliiandika mwaka 1690 kama nyota ya kawaida. Kwa hiyo kwa ghafla walikuwa na kumbukumbu za karibu karne nzima za kufanyia hesabu.

Kumbukumbu hizo ndizo zilizoleta taabu. Mwaka 1821 Alexis Bouvard wa Paris alichapisha majedwali ya kuonyesha Uranusi itakuwa wapi mwaka hadi mwaka, lakini vipimo vya zamani na vipya vilikataa kukaa pamoja. Akaamua kuviacha vya zamani. Baada ya miaka michache sayari ikaanza kukengeuka hata kutoka kwenye vile vipya, na kufikia miaka ya 1840 tofauti ilikuwa kama dakika mbili za digrii. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja kati ya kumi na tano ya upana wa mwezi mpevu, kitu ambacho jicho peke yake lisingekihisi kamwe. Lakini kanuni ya Newton ya uvutano ilikuwa imetabiri mienendo ya mwezi, sayari na nyota zenye mikia kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kwa watu wa hesabu, dakika mbili zilikuwa nyingi mno kufumbiwa macho.

Mwenye duka anaijua hali hii. Jioni unafunga hesabu, daftari linasema kiasi fulani na droo inasema kingine. Unaweza kushuku mambo matatu. Huenda kuna mkono usiouona uliopita kwenye droo. Huenda wewe mwenyewe umeandika au kujumlisha vibaya. Au huenda mizani ina kasoro, na kila ulichopima tangu asubuhi kimepimwa ovyo. Mizani ndiyo ya mwisho kushukiwa, maana ukiishuku hiyo, unalishuku duka zima. Upungufu wenyewe hausemi umetoka wapi. Shilingi mia tano iliyopungua ni ileile, iwe imeibwa, imekosewa au imepimwa vibaya.

Kwenye habari ya Uranusi wapo walioishuku mizani. George Airy, mkuu wa kituo cha Greenwich, aliwahi kuwaza kwamba pengine kanuni ya Newton inapungukiwa nguvu kwenye umbali mkubwa kiasi hicho. Le Verrier alishika njia ya mkono usioonekana. Kijana mmoja wa Cambridge, John Couch Adams, alishika njia hiyohiyo bila Le Verrier kujua.

Wazo lao lilikuwa hivi. Fikiria wakimbiaji wawili wanaozunguka uwanja, mmoja njia ya ndani na mwingine njia ya nje, na wa ndani ndiye mwenye kasi. Tuseme kati yao kuna mvuto. Wa ndani anapokuja kwa nyuma, mwenzake aliye mbele anamvuta mbele, na mwendo wake unazidi kidogo. Akishampita, mvuto unamrudisha nyuma, na mwendo unapungua. Uranusi ilifanya hivyohivyo: ilikuwa ikitangulia mbele ya hesabu, kisha ikaanza kuchelewa. Leo tunajua kwamba iliipita Neptuni karibu na mwaka 1822. Maskini Bouvard alikuwa anachapisha majedwali yake karibu na wakati uleule mvuto ulipokuwa unageuka.

Ukijua sayari iko wapi na uzito wake, kukokotoa mvuto wake ni kazi ya kawaida. Le Verrier na Adams walitakiwa kuanzia upande wa pili: kutoka kwenye msukosuko mdogo wa sayari moja hadi kwenye mahali na uzito wa kitu ambacho hakuna aliyekiona. Ni kazi ya miezi kwa kalamu na karatasi. Bahati nayo ilikuwamo, tusiifiche. Wote wawili walidhani sayari hiyo iko mbali kuliko ilivyo, mara 36 hadi 38 ya umbali wa Dunia kutoka kwenye jua, wakati ukweli ni kama mara 30. Waliipa pia uzito mkubwa kupita kiasi. Makosa hayo mawili yalifidiana kwa ile miongo ambayo vipimo vilikuwapo, na upande wa kutazama ukabaki sahihi.

Wengine waliiona bila kuijua. James Challis wa Cambridge, akiitafuta kwa ajili ya hesabu za Adams, aliiandika kwenye daftari lake mara mbili mwezi Agosti 1846 bila kutambua alichoandika. Galileo aliichora kama nyota karibu na Mshtarii mnamo Desemba 1612.

Sasa njoo Utaridi. Mwaka 1859 Le Verrier hakuwa tena mtu wa kuandika barua za kuomba. Alikuwa mkuu wa kituo cha Paris na mwanaanga mwenye sifa kuliko wote wa Ufaransa. Alikuwa anapitia sayari moja moja, akizisahihisha hesabu zake, na Utaridi ikamgomea.

Njia ya Utaridi si duara, imerefuka kidogo kama yai, kwa hiyo ipo sehemu ambapo sayari inakuwa karibu zaidi na jua. Chora yai kwenye karatasi, kisha geuza karatasi kidogo sana na uchore tena juu yake, halafu geuza tena. Mwisho utapata umbo kama la ua, na ile ncha iliyo karibu na jua itakuwa imezunguka polepole. Utaridi inafanya hivyo kwa sababu sayari nyingine zinaivuta, Zuhura na Mshtarii hasa. Le Verrier alipojumlisha mivuto yote, ikaeleza sekunde takriban 530 za digrii kwa kila karne. Ncha ilikuwa inasogea zaidi ya hapo. Zilibaki sekunde 38 zisizo na mwenyewe. Mwaka 1882 Simon Newcomb wa Marekani alirudia hesabu akapata 43.

Chukua rula, chora ukutani mstari wenye unene wa milimita 1, kisha rudi nyuma mita 5 uutazame. Unene huo unaouona ni karibu sekunde 43, na hicho ndicho kiasi kilichozidi kwa miaka mia moja. Kwa mwendo huo, mzunguko mmoja kamili ungechukua miaka milioni tatu. Mtu anaweza kuuliza ni nani angejisumbua na kitu kidogo namna hiyo. Jibu ni kwamba kilikuwa kimepimwa vizuri mno. Utaridi hupita mbele ya uso wa jua mara 13 au 14 kwa karne, kitone cheusi kinachoingia ukingo mmoja na kutokea mwingine, na saa ya kuingia na kutoka inaweza kuandikwa kwa usahihi mkubwa. Le Verrier alikuwa na kumbukumbu za mapito hayo kuanzia 1697 hadi 1848. Kulaumu kosa la kuandika kungekuwa kusema kwamba wapimaji wa vizazi kadhaa walikosea kwa namna moja na kwa upande mmoja.

Akafanya kile kilichomfaa mara ya kwanza: akasema kuna mkono usioonekana. Sayari ndogo, au kundi la mawe, kati ya Utaridi na jua.

Desemba mwaka huohuo akapata barua kutoka kwa daktari wa kijijini, Edmond Lescarbault wa Orgères-en-Beauce. Daktari alidai kwamba tarehe 26 Machi alikiona kitone cheusi cha mviringo kikipita mbele ya jua. Le Verrier alipanda treni, akafika kwake bila taarifa na bila kujitambulisha, akamhoji kwa ukali kama mtuhumiwa. Uliipimaje saa? Daktari akaonyesha saa yake ya mfukoni, ambayo haikuwa na mshale wa sekunde, na kitufe cha pembe ya ndovu kilichoning'inizwa kwa uzi wa hariri, alichokuwa akikiacha kibembee ahesabu sekunde. Hesabu ulizifanyia wapi? Kwenye mbao. Alikuwa pia fundi seremala wa kujifurahisha, na mbao ikijaa anairanda na kuanza upya.

Siwezi kusoma habari hii bila kumhurumia daktari yule, wala bila kuelewa kwa nini Le Verrier, aliyekuja amejaa shaka, aliondoka akiamini. Mtu huyu hakuwa mwongo. Vifaa vyake vilikuwa duni lakini bidii yake ilikuwa ya kweli, na alichokisema kilitoshea kwenye pengo lililokuwa likisubiri. Sayari ikapewa jina Vulcan, ikapangiwa mzunguko wa siku 19 na saa kadhaa, na mwaka 1860 daktari akavikwa nishani ya taifa. Mwanaanga mwingine Mfaransa, Emmanuel Liais, alisema kwamba wakati uleule alikuwa Brazil akilitazama jua kwa darubini bora zaidi, na hakuona kitu. Sauti yake haikusikika sana.

Miaka ikapita Vulcan ikionekana na kupotea. Le Verrier alifariki tarehe 23 Septemba 1877, miaka 31 kamili tangu usiku ule wa Berlin, bila kuikana. Mwaka uliofuata, jua lilipopatwa juu ya Marekani, James Watson na Lewis Swift walitangaza kuwa wameiona, lakini vipimo vyao havikulingana, na wengine wakawaonyesha kwamba walichokiona ni nyota za kawaida. Baadaye zikaja kamera. Picha za kupatwa kwa jua mwanzoni mwa karne ya 20 zilionyesha nyota hafifu kuliko Vulcan ilivyotakiwa kuwa, na Vulcan haikuwamo.

Wengine walianza kuigusa mizani kwa woga. Mwaka 1894 Asaph Hall alipendekeza kwamba uvutano usipungue kwa kipeo cha 2 cha umbali kama alivyosema Newton, upungue kwa kipeo cha 2.00000016. Kwa Utaridi ilikubali, ila baadaye mwezi ukakataa. Marekebisho ya aina hii ni sawa na kuweka kipande cha chuma kwenye sahani ya mizani mpaka bidhaa moja ikae sawa. Bidhaa ya pili ikija unaumbuka.

Tarehe 18 Novemba 1915, Berlin tena, Albert Einstein alisoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia hesabu ya Utaridi kwa nadharia yake mpya ya uvutano. Hakuongeza sayari, wala vumbi, wala namba ya kuchagua mwenyewe ili mambo yakae sawa. Katika nadharia hiyo uvutano ni kupinda kwa nafasi na wakati kunakosababishwa na uzito, na karibu na jua kupinda huko kunatosha kuifanya ncha ya njia ya Utaridi isogee zaidi ya alivyosema Newton. Zaidi kiasi gani? Sekunde 43 kwa karne. Einstein aliwaambia wenzake kwamba alipoipata namba hiyo moyo ulimwenda mbio.

Basi kwa nini mizani haikuonyesha kasoro kwa sayari nyingine? Kwa sababu ilikuwa nzuri sana kwa mizigo ya kawaida. Neptuni iko mbali na jua na inakwenda kilomita kama 5 kwa sekunde. Utaridi ndiyo iliyo karibu kuliko zote na inakwenda kilomita 47. Ni kama mizani inayopima kilo ya sukari bila kukosea, lakini ukiweka gunia inaanza kudanganya. Utaridi ndiyo ilikuwa gunia pekee dukani.

Nadharia hiyo ilidai pia kwamba mwanga wa nyota unaopita ukingoni mwa jua hupinda, na jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919 ndipo wanaanga walipoijaribu. Arthur Eddington alikuwa kisiwa cha Príncipe kwenye Ghuba ya Guinea, kundi jingine likiwa Sobral, Brazil. Kivuli cha mwezi hakikuishia Príncipe. Kilivuka Kongo, kikapita kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania na kuishilia upande wa Msumbiji jua likielekea kuzama. Bibi na babu zetu wa huko waliliona giza lile likiingia mapema, katika nchi iliyokuwa imetoka vitani miezi sita tu nyuma.

Imebaki aina ya tatu ya jibu, na hiyo nayo ilipata sayari yake. Hata baada ya Neptuni kujulikana, Uranusi iliendelea kuonyesha tofauti ndogo, na Percival Lowell wa Marekani akaamini kuna sayari nyingine huko nje, yenye uzito wa karibu mara saba ya Dunia. Alifariki bila kuiona. Mwaka 1930, katika kituo alichokijenga Arizona, kijana Clyde Tombaugh aliipata Pluto kwa kulinganisha picha mbili mbili za usiku tofauti, nyota kwa nyota, kwa miezi. Kila Pluto ilipopimwa upya ilizidi kuwa nyepesi. Mwezi wake Charon ulipogunduliwa mwaka 1978, ikajulikana kwamba uzito wa Pluto haufiki hata sehemu moja kati ya mia nne ya uzito wa Dunia. Kitu hicho kisingeweza kuiyumbisha Uranusi. Chombo cha Voyager 2 kilipopita karibu na Neptuni mwaka 1989 kiliupima uzito wake vizuri, na ukaonekana kuwa pungufu kwa kama nusu asilimia ya uliokuwa ukitumika. Mwaka 1993 Myles Standish aliiweka namba mpya kwenye hesabu, na ile tofauti ya Uranusi ikatoweka. Hapakuwa na mwizi, na mizani haikuwa mbovu. Ilikuwa kosa la kuandika daftarini.

Hivi sasa hesabu nyingine haijafungwa. Mwaka 2016 Konstantin Batygin na Mike Brown wa California walionyesha kwamba baadhi ya magimba madogo yaliyo mbali sana kupita Neptuni yana njia zilizoegemea upande mmoja, kana kwamba kuna sayari nzito isiyoonekana inayoyachunga, sayari ambayo mzunguko wake mmoja ungechukua maelfu ya miaka. Wenzao wengine wanasema kuegemea huko kunatokana na sehemu za anga ambako darubini zimekuwa zikielekezwa zaidi. Wachache wamejaribu tena kuishuku kanuni ya uvutano yenyewe.

Juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, kituo cha Vera Rubin kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Kamera yake ina pikseli bilioni 3.2, na kazi yake ni kuipiga picha anga ya kusini usiku baada ya usiku kwa miaka kumi. Kompyuta inachukua kila kitone cha picha mpya na kukiweka juu ya ramani ya picha za nyuma. Hii imo. Hii imo. Hii nayo imo.